Mchana Bila Kiingilio Mji Mkongwe

Kila Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara linapowadia hapa Unguja, swali la kwanza mitaani huwa ni nani atapanda jukwaani usiku ndani ya Ngome Kongwe. Mimi nazidi kuvutwa na mambo ya mchana, wasanii wanapoketi na watu na kueleza kazi yao, na burudani za Forodhani, ng'ambo tu ya barabara, ambako mtu haulizwi tiketi.

Jana alasiri nilihudhuria mazungumzo ya mpiga ganuni mmoja, mtu mzima; ganuni ni ala ya nyuzi inayotumika katika taarabu. Alivaa pete katika vidole vyake viwili vya shahada, akachomeka kijiti cha kupigia ndani ya kila pete, kisha akatuonyesha jinsi nyuzi za ala hiyo, ambazo zinapita sabini, zilivyopangwa tatu tatu kwa kila sauti. Upande wa kushoto kuna safu ya vijipini vidogo vya chuma. Alipoinua kimoja, sauti ilipanda kiasi kidogo sana, ikatua mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kibonyezo. Kijana mmoja anayetengeneza midundo kwa kompyuta alimwamkia, kisha akauliza kama sauti ile inaweza kuingizwa katika programu anayoitumia. "Mwanangu, isikie kwanza," mzee alimjibu, akairudia polepole mpaka kijana akaweza kuiimba. Katika miaka yote niliyosikiliza taarabu sikuwahi kuelekezwa sikio langu namna hiyo, na usiku, fidla na ganuni zilipokuwa zikijibizana, niliitambua sauti ile kila ilipopita.

Mazungumzo yalifika hata kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Mabinti waliokuwa safu ya mbele waliuliza maswali mengi juu yake kuliko juu ya msanii yeyote aliye hai, na nilifurahi sana kwa hilo.

Forodhani kulikuwa na umati wa aina nyingine: akina mama kutoka Ng'ambo na Jang'ombe waliotandika kanga kwenye nyasi, watoto wakicheza mbele kabisa ya jukwaa, wauza urojo na juisi ya miwa wakihudumu bila kupumzika. Familia ya watu sita haiwezi kwa urahisi kununua tiketi sita, hata kwa bei ya wenyeji, na kwa sababu hiyo naamini jukwaa hili ndilo linalolifanya tamasha kuwa la mji wenyewe.

Hata hivyo, kilicho bure kwa mtazamaji kina gharama yake: mafundi mitambo, vipaza sauti, nauli za wasanii na malazi yao. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, na sisi tuliokuwa tumelizoea tulihisi pengo lile. Ndiyo maana ninaponunua tiketi ya usiku nainunua kwa moyo mkunjufu, nikijua kwamba sehemu ya fedha hiyo inasaidia kuwasha taa za Forodhani. Ningependa pia walimu wa shule zetu wawalete wanafunzi kwenye mazungumzo ya mchana, kwa kuwa jana, kati ya waliohudhuria, sikuona sare ya shule hata moja, na viti vya nyuma vilikuwa vitupu.