Milivolti 50

Usiku ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa kwanza kupitisha umeme katika ile sumaku ya superkondakta, yaani ya waya unaopitisha umeme bila ukinzani wowote ukipozwa vya kutosha, baada ya majuma matatu ya kuipoza. Ilikuwa koili moja kubwa ya mviringo, yenye urefu wa mita 2 na uwazi wa kati wa mita 1.2, iliyozungushwa takriban mara 1,420 katika matabaka 8 kwa kebo ya nyuzi za niobi na titani zilizofunikwa na shaba. Ilikusudiwa kubeba ampea 4,000 na kutoa uga wa sumaku wa tesla 3. Chumbani mle mimi nilikuwa mdogo kuliko wote kwa umri na kwa cheo, na nilikuwa nimekabidhiwa sehemu moja tu ya kazi, yaani mfumo wa kugundua kwenchi, hitilafu ambayo sumaku ya namna hii huihofia kuliko zote.

Kupoza kulitaka subira. Hatukuruhusu tofauti ya joto kati ya pande mbili za koili izidi kelvini 40, kwa sababu metali husinyaa inapopoa, chuma cha pua kikipungua karibu milimita 3 kwa kila mita, na upande unaosinyaa kabla ya mwenzake unaweza kuupasua utomvu wa epoksi unaozishikilia nyaya mahali pake. Karibu na kelvini 9 niliona ukinzani wa koili ukitoweka. Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hilo kwa mara ya kwanza katika zebaki, mjini Leiden, mwaka 1911, nami nilikuwa nimelisoma tangu chuoni. Hata hivyo, nilipozitazama tarakimu za kipimo nilichokifunga kwa mikono yangu zikishuka ghafla hadi sifuri, nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyonihitaji. Siku mbili baadaye koili ilikuwa imezama katika heliamu ya kimiminika, kwenye kelvini 4.2, yaani nyuzi 269 za selsiasi chini ya sifuri.

Kwenchi ni pale ambapo kipande cha waya kinapoteza hali yake ya superkondakta huku mkondo ukiendelea kupita. Katika baridi ile metali karibu haina uwezo wa kuhifadhi joto: shaba huhitaji chini ya sehemu moja ya elfu ya joto ambalo ingelihitaji katika hali ya kawaida ili ipande nyuzi moja. Kwa hiyo waya ukiteleza kwa upana mdogo kuliko unywele, msuguano wake peke yake unatosha kukiwasha kipande hicho. Kikishawaka, mkondo hulazimika kupita katika shaba, shaba hupata moto, na moto huo huwaamsha majirani. Nishati iliyomo katika sumaku ile kwenye mkondo wake kamili ilikuwa megajuli 10, inayotosha kuliinua lori la tani 10 hadi kimo cha mita 100. Nishati hiyo ikiachwa iishie yote katika sentimita chache za waya, shaba huyeyuka.

Dawa yake ni kugundua mapema, kisha kufungua swichi kuu ili mkondo ulazimike kupita katika rezista kubwa iliyo nje ya kriostati, yaani chombo kinachoihifadhi sumaku katika baridi yake, ambako nishati hugeuka joto bila madhara. Rezista yetu ilikuwa ya omu 0.125, na kwa ampea 4,000 ingezusha volti 500 kwenye ncha za koili. Ugumu uko katika kugundua. Mkondo unapokuzwa, koili yenyewe huzusha volteji hata kama ni nzima kabisa, kwa hiyo huwezi kuipima yote na kusema kwamba volteji yoyote ni ishara ya hatari. Ndiyo maana koili hugawanywa nusu mbili, volteji za nusu hizo zikalinganishwa katika daraja la umeme, na tofauti yake ikatazamwa. Nusu ya ndani na nusu ya nje hazilingani sawasawa, basi daraja husawazishwa kwa kigeuzi mpaka lisome sifuri. Tuliliwekea kikomo cha milivolti 200: tofauti ikikivuka kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, swichi hufunguka yenyewe.

Saa 4 usiku tulikuza mkondo kwa kasi ya ampea 5 kwa sekunde hadi ampea 100 tu, kiasi kisichoweza kuidhuru sumaku. Mwenzangu aliyelisimamia daraja alilisawazisha kwa ustadi mkubwa. Mstari kwenye skrini ulikaa juu ya sifuri kana kwamba umechorwa kwa rula, na watu wakaanza kuzungumzia kwenda ampea 1,000 kabla ya usiku wa manane.

Mimi nilikuwa na mazoea, niliyorithi kwa mwalimu wangu wa maabara, ya kujumlisha kila kinachoweza kujumlishwa. Niliandika volteji ya nusu ya ndani, volti 2.98. Nikaandika ya nusu ya nje, volti 3.22. Jumla yake ni volti 6.20. Kisha nikatazama volteji iliyopimwa kwenye ncha mbili za koili nzima, nayo ilikuwa 6.25, sawa kabisa na hesabu ya mkondo uliokuwa ukipanda katika koili ya henri 1.25 (henri ni kipimo cha jinsi koili inavyopinga badiliko la mkondo). Zilipungua milivolti 50.

Niliwaomba wakuze mara ya pili, nikapata pengo lile lile. Mara ya tatu nikabadilisha vipimo nikidhani kimojawapo kina kasoro, na pengo halikuondoka. Mkondo ulipotulia kwenye ampea 100 likatoweka. Ulipoanza kupanda likarudi. Basi halikuwa kelele ya umeme wala kosa la kipimo. Palikuwa na kipande cha koili, takriban mizunguko 11, ambacho hakikuwa ndani ya nusu ya ndani wala ndani ya nusu ya nje, na daraja lilikuwa limesawazishwa kana kwamba kipande hicho hakipo duniani. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa namna ambayo vitabu havikuwa vimenielewesha, kwamba daraja linalosoma sifuri linathibitisha tu kwamba limesawazishwa.

Kusema hivyo mbele ya watu kumi na wawili waliochoka hakukuwa kwepesi. Heliamu ilikuwa ikichemka muda wote, kwani kila wati moja ya joto inayopenya hadi kwenye kimiminika huvukiza karibu lita 1.4 kwa saa, na kila mtu pale alijua kwamba kusubiri kuna gharama. Mwenzangu alieleza, kwa upole, kwamba tofauti yenyewe haifiki asilimia 1, na kwamba hata upimaji wa ukinzani kabla ya kupoza ulikuwa umeruhusu tofauti ya asilimia 1. Alisema kweli. Nadhani hicho ndicho kilichonitia hofu zaidi: kikomo kilichowekwa kwa nia njema kilikuwa kipana kiasi cha kuificha mizunguko 11.

Mhandisi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa ameketi nyuma akisikiliza. Aliniuliza swali moja.

“Kijana, hicho kipande unachokisema kiko wapi ndani ya koili?”

Nikamjibu, “Sijui bado, Mzee. Lakini nusu ya ndani inaishia kwenye kiungo.”

Akanyamaza. Kiungo ni mahali ambapo kebo mbili zimelazwa pamoja na kuunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na ndipo mahali pekee katika koili penye ukinzani hata sumaku ikiwa baridi. Hakuna mtu katika kazi hii aliyesahau tarehe 19 Septemba 2008, pale kiungo kimoja kibovu kati ya sumaku mbili za mashine kubwa ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, kilipoachia wakati wa majaribio, mkondo ukiwa karibu ampea 8,700. Cheche iliitoboa njia ya heliamu, tani 6 hivi zikapotea, sumaku 53 zikalazimika kuondolewa, na mashine haikurudi kufanya kazi ila baada ya zaidi ya mwaka. Mzee alikunja michoro aliyokuwa nayo mapajani, akasema, “Shusheni mkondo. Hatuendi popote mpaka nione waya hadi waya.”

Tulifungua sanduku la viunganishi juu ya kriostati. Kwa mujibu wa michoro, waya wa 7 wa kupimia volteji ulichomelewa mara tu baada ya kiungo, na ndio uliopaswa kuwa mwisho wa nusu ya ndani. Waya wa 8 ulikuwa mara tu kabla ya kiungo, ili jozi ya 7 na 8 iupime ukinzani wa kiungo peke yake. Waya wa 9 ulikuwa nyuma zaidi, mizunguko 11 kabla ya kiungo, na uliwekwa ili kutusaidia kujua kwenchi imeanzia wapi. Nikaomba tutazame rekodi ya jozi ya kiungo wakati mkondo ulipokuwa ukipanda. Kiungo cha urefu wa kiganja hakiwezi kuzusha volteji ya kuonekana kwa kasi ile. Rekodi ilionyesha milivolti 50.

Lebo za waya wa 7 na wa 9 zilikuwa zimebadilishana kwenye kebo ya nje. Tulichodhani ni kipimo cha kiungo kilikuwa kikisoma mizunguko 11 isiyo na kiungo, na mizunguko hiyo pamoja na kiungo chenyewe haikuwa na mlinzi yeyote. Kama kiungo kingewaka kwenye ampea 4,000, daraja lisingejua mpaka moto usambae na kuingia katika nusu mojawapo, na kwa muda wote huo shaba pale ingekuwa inapanda joto.

Kurekebisha kulichukua dakika 20, kwa kuwa kosa lilikuwa nje ya ombwe la kriostati; lingekuwa ndani, tungelazimika kuipasha sumaku nzima joto na kuanza majuma matatu upya. Baada ya hapo tulirudia kipimo cha uhami kwa volti 1,000, kwa sababu gesi ya heliamu huruhusu cheche kuruka kwa volteji ndogo kuliko hewa na waya ulioguswa hauaminiki mpaka upimwe. Tukakuza tena hadi ampea 100: volti 3.03 na 3.22, jumla 6.25. Mwenzangu ndiye aliyelisawazisha daraja upya, na ndiye aliyenipa mkono wa kwanza.

Kesho yake tulipanda kwa ampea 1 kwa sekunde. Kwenye ampea 3,420 swichi kuu ilifunguka kwa mshindo uliotikisa sakafu, vali ya usalama ikaachia, na heliamu ikapita mabombani kwa mvumo mrefu kuelekea mfuko wa kuikusanyia. Sekunde 10 baadaye mkondo ulikuwa chini ya ampea 1,200. Kwenchi ilikuwa imeanzia tabaka la kwanza, la ndani kabisa, ambako uga ni mkubwa kuliko kwingine, mbali na mizunguko yangu 11. Watu wawili walinitazama nilipolisoma hilo kwenye rekodi, wakitaka kujua kama nimevunjika moyo. Sikuvunjika. Koili iliyojazwa epoksi huwa na tabia ya kuzoezwa: nyaya zake hutulia kidogo kidogo kila zinapobanwa na nguvu ya uga. Kwenchi ya pili ilikuja kwenye ampea 3,790, baada ya saa kadhaa za kupoza tena. Mara ya tatu ikafika 4,000, tukaishikilia hapo saa mbili bila daraja kutetereka.

Ndani ya saa hizo mbili, mkondo ukiwa umetulia, Mzee alinituma nikasome jozi ya 7 na 8. Nilichukua kipimo nyeti tulichokuwa nacho, nikasubiri wastani wa dakika 10 nzima, nikapata mikrovolti 16. Hizo ni nano-omu 4, na joto lisilofika sehemu ya kumi ya wati. Kiungo kilikuwa kizuri tangu siku kilipotengenezwa. Nikamwonyesha Mzee, akavaa miwani, akaisoma tarakimu mara mbili, kisha akanisogezea daftari la zamu na kalamu ili niiandike kwa mkono wangu.