Nahodha katuchana status

Mechi za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huchezwa sisi tumelala. Chicago wakianza saa moja jioni wakati wa baridi yao, Kigoma ni saa kumi alfajiri, wavuvi wa dagaa ndio wanakaribia kurudi. Kwa hiyo mimi ni mtu wa kuangalia vipande tu, bando likiruhusu, na wiki hii nimerudia kipande kimoja cha zamani: Chicago Bulls na Atlanta Hawks, Januari 25, 2017.

Bulls walikuwa kwao. Zimebaki kama dakika tatu, wanaongoza kwa pointi 10. Wakafungwa 119–114. Nyota wao Jimmy Butler alitupia 40, mwenzake Dwyane Wade 33. Piga hesabu mwenyewe: wawili hao 73, waliobaki wote kwa pamoja 41. Mechi ilipoisha wakawachana wenzao mbele ya waandishi. Wade, miaka 35 na mataji matatu mkononi, alisema haifai kufungwa kumuume yeye kuliko kunavyowauma vijana. Butler akasema, kwa tusi ambalo siliandiki hapa, kwamba watu inabidi wajali kama timu inashinda au inafungwa.

Rajon Rondo, mchezaji mwenzao, akawajibu Instagram. Alisema wakongwe waliomlea yeye wasingekwenda kwa waandishi, wangekuja kwa timu. Akaweka na picha akiwa na Paul Pierce na Kevin Garnett, aliochukua nao ubingwa Boston mwaka 2008. Tena akaongeza kwamba timu ilipofungwa wale hawakuwalaumu wadogo, walibeba lawama wenyewe wakarudi mazoezini.

Rondo naye si malaika. Mwanzoni mwa mwezi ule kocha alikuwa amemweka nje mechi kadhaa, na mtu anayelalamika kwamba wenzake wameyapeleka mambo nje, huku na yeye akiyapeleka Instagram, ana kichekesho chake. Uongozi ukawapiga faini wote watatu. Mechi iliyofuata, dhidi ya Miami Heat, Butler na Wade wakaanzia benchi, na Bulls wakafungwa tena.

Sasa kwa nini nahangaika na mambo ya 2017? Kwa sababu ya nahodha wetu.

Sisi ni timu ya kikapu ya mtaani. Uwanja wa saruji, ringi moja imeinama kwa watoto kuning'inia, na ukidunda kwenye ile kona yenye ufa mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Tumekuwa tukifungwa tu. Jumapili tuliongoza mpaka robo ya nne, ndipo dogo mmoja akapoteza mpira, akapoteza na wa pili, wageni wakatupita. Nahodha hakusubiri hata tukae chini. Alisimama pale wanapokaa watazamaji akasema kwa sauti iliyomfikia hadi mama wa karanga, "Mimi nafunga, hawa wanatalii!" Watu wakacheka. Usiku akaweka status: karatasi ya mtunza pointi, jina lake limezungushiwa duara jekundu, chini yake, "Wengine huwa mnakuja kufanya nini?"

Dogo anatoka Kibirizi. Asubuhi anamsaidia mama yake kuanika dagaa, jioni anakuja mazoezini magamba bado yanang'aa kwenye mikono yake. Kabla ya saa nne usiku alikuwa ameshajitoa kwenye grupu. Hakuandika kitu. Ile mistari ya kijivu tu, fulani amejitoa.

Grupu likawaka. Mmoja wetu alisimama na nahodha: mficha maradhi kifo humuumbua, tumedekezana mno, anayefunga zaidi ya nusu ya pointi zetu ana haki ya kusema. Nimeipima hoja hiyo na siwezi kuitupa. Pointi anafunga kweli. Mazoezini anawahi kweli. Tuna watu wanaokuja saa kumi na moja na nusu kwenye mazoezi ya saa kumi, kisha wanaomba maji.

Ila sioni kama ukweli ndio unaobishaniwa. Nahodha alikuwa na grupu, alikuwa na chumba cha kubadilishia (chumba ni jina tu, ni kivuli cha mwembe), alikuwa na namba ya dogo. Akachagua watu wasiojua hata tunacheza mfumo gani. Mtazamaji atakusaidia nini kwenye difensi? Atakupa kicheko, basi. Nahodha alikuwa anajivua kipigo ili kibaki kwa wengine, na lile duara jekundu ndilo lililonithibitishia.

Halafu kuna suala la nani anamsema nani. Novemba 2021 Boston Celtics waliongoza kwa pointi 19 dhidi ya Bulls wakaishia kupigwa 128–114. Mchezaji wao Marcus Smart akaenda kwa waandishi akasema kila timu inajua kwamba Celtics wanataka mpira uende kwa Jayson Tatum na Jaylen Brown, na kwamba hao wawili hawataki kutoa pasi, bado wanajifunza. Alisema hadharani kama Butler. Lakini alikuwa anawasema wakubwa wa timu, watu ambao uongozi ukilazimika kuchagua kati yao na yeye, yeye ndiye anapanda ndege. Msimu huohuo Celtics walifika fainali Juni 2022, wakafungwa na Golden State Warriors 4–2. Sidai kwamba maneno yale ndiyo yaliyowafikisha. Nasema tu Smart aliweka chake mezani. Nyota anayemchana kinda haweki kitu. Kesho ataanza yeye, kinda ndiye atakayekaa benchi akitetemeka kila akipewa mpira.

Kyrie Irving ndiye mgumu kwangu. Januari 2019, akiwa Boston, walifungwa na Orlando Magic kwa pointi mbili, akawasema vijana kwamba hawajui inachukua nini kuwa timu ya ubingwa. Siku chache baadaye akaeleza kwamba amempigia simu LeBron James kumwomba radhi kwa jinsi yeye Kyrie alivyokuwa wakati ule walipocheza pamoja Cleveland, kijana anayetaka kila kitu kiwe chake. Simu ile naiheshimu, si wengi wangeipiga. Ila radhi ilikwenda kwa bingwa mwenzake, na sisi wote tukaisikia kupitia waandishi. Celtics wakatolewa na Milwaukee Bucks 4–1 raundi ya pili, Kyrie akahamia Brooklyn. Butler naye alikuwa ameshauzwa Minnesota Juni 2017. Nyota huondoka na jina lake. Waliochanwa hubaki na sifa waliyopewa.

Jana nilimkuta nahodha pale Mwanga anatengenezesha simu, nikaona bora niseme.

"Kaka, ile status tumeiona."

"Si nimesema kweli?"

"Umesema. Ila mpira wa kwanza aliopoteza dogo ulimpa wewe, watu wawili wako mgongoni kwake, na ulikuwa unamwangalia mwingine. Hiyo pasi haimo kwenye karatasi."

Akanyamaza. Fundi akajifanya hasikii.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijui. Tuliongee Alhamisi chini ya mwembe, kila mtu akiwepo, na mimi mnichane, maana ribaundi zile tatu za mwisho zilinipita nimesimama."

Hapo akacheka kidogo. Akauliza kama dogo atakuja.

"Mimi atanijibu nini, kaka? Wewe ndiye uliyemtoa. Namba yake unayo."

Akasema simu iko kwa fundi. Nikampa yangu.