Tembe la Kwihara

Nje kidogo ya mji wa Tabora, katika kijiji cha Kwihara, lipo tembe ambalo leo ni makumbusho, na kwa maoni yangu linastahili wageni wengi kuliko linaowapata. Ni nyumba yenye kuta nene za udongo, paa la bapa na milango ya mbao iliyochongwa kwa nakshi za pwani, kwa kuwa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, alifikia Kwihara mwaka 1871, wakati vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu vilipoifunga njia ya magharibi. Baada ya kukutana na Livingstone huko Ujiji, walirudi pamoja mwezi Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi, naye Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti.

Hata hivyo, habari inayonigusa zaidi ni ya Oktoba 1873, pale Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, na wenzao walipowasili wakiwa wamebeba mwili wake, uliokaushwa kwa chumvi na jua, kutoka kijiji cha Chitambo katika Zambia ya leo. Luteni Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwapo hapo, aliwashauri wamzike papo hapo, lakini walikataa katakata, wakaendelea na safari mpaka Bagamoyo. Natamani majina ya wapagazi hao yaandikwe kwa herufi kubwa mlangoni.