Mke wangu alipigwa picha ya mirija, sindano zilikuwa kwenye begi langu

Karatasi ya maabara ilikuwa imekunjwa mara mbili. Niliifungua pale pale kwenye korido, nimeegemea ukuta, kabla sijaingia kwa daktari. Palipoandikwa idadi ya mbegu za kiume palikuwa na sifuri. Nilidhani wamesahau kujaza. Nikarudi dirishani kumuuliza dada wa maabara, naye akanijibu kwa sauti ya chini, "Hapana kaka, tumeangalia mara mbili, hata baada ya kuizungusha sampuli kwenye mashine. Ingia tu, daktari atakueleza."

Nilikuwa na miaka 28. Mwili wangu ulikuwa ule ambao vijana wa Tabata wakiuona wanauliza napiga tizi wapi. Nilikuwa nimeishi na mke wangu miaka miwili bila mtoto, na kwa miaka yote miwili hakuna mtu, mimi mwenyewe nikiwemo, aliyewaza kwamba tatizo linaweza kuwa langu.

Mimi ni fundi aluminiamu. Jioni nilikuwa napiga vyuma kwenye jimu ya mtaani, uani kwa mzee mmoja. Vyuma vyenyewe ni gia za magari na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Nilianza nikiwa na miaka 22, mwembamba, na miaka miwili ya kwanza niliongezeka polepole kama anavyoongezeka mtu wa wali maharage na mayai mawili. Kisha jamaa mmoja wa pale pale jimu akaenda kwao Desemba akiwa wa kawaida, na kufikia Machi mabega yake yalikuwa yanaziba mlango. Nikamuuliza anakula nini. Akafungua begi akanionyesha ampuli. "Hii ni homoni ya kiume tu, kaka. Mwilini tayari unayo. Tunaongeza."

Ni maneno hayo yaliyoniingiza, na hadi leo nayasikia kwenye simu za vijana, kwenye video wanazotumiana. Tayari unayo. Ni kweli, ninayo. Sikujiuliza mwili utafanya nini ukiletewa ya nje.

Ampuli ilikuwa ya miligramu 250, mafuta mazito yenye umanjano kidogo. Zilikuja kupitia mtu anayejuana na mtu wa famasi. Hii ni dawa ya cheti, lakini hakuna aliyeniuliza cheti. Mwanzoni nilichoma moja kwa wiki, baada ya miezi mitatu zikawa mbili. Tulichomana wenyewe kwa wenyewe takoni, chumbani kwa mmoja wetu, mlango umefungwa. Mabomba ya sindano tulinunua mapya, namshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo mmoja wetu alipata jipu kubwa mpaka likapasuliwa hospitali, akalala kifudifudi wiki mbili. Tukasema alichomwa vibaya. Tukaendelea.

Niseme ukweli kuhusu miezi ile, maana kijana ukimwanzia na madhara peke yake hakuamini, kwa kuwa rafiki yake anayetumia anamwambia mambo ni mazuri. Ni kweli nilijisikia vizuri mno. Kwenye benchi, kwa makadirio yetu, nilitoka kunyanyua kilo 80 hadi 110. Nilipandisha fremu za madirisha ghorofa ya nne peke yangu. Hamu ya tendo la ndoa ilikuwa juu kila siku, kwa hiyo ningewezaje kujidhania mgumba? Mgongo ulijaa chunusi, hasira zikawa karibu, chuchu zikawa zinauma zikiguswa na shati. Kila kimoja nilikitafutia sababu. Korodani zilikuwa zimesinyaa. Nililiona hilo bafuni, na sikumwambia mtu.

Tulioana nikiwa mwaka wa pili wa sindano. Miezi ya mwanzo watu walitutania tu. Ulipopita mwaka, shangazi yangu akaanza kumhoji mke wangu jikoni, mimi nipo sebuleni nasikia. Wakampeleka kwa mtu wa mitishamba, akanywa dawa chungu siku 21. Baadaye ikawa hospitali: vipimo vya homoni, ultrasaundi, na mwisho picha ya mirija ya uzazi. Kwa asiyeijua, wanapitisha dawa ya maji kwenye shingo ya kizazi, halafu wanapiga eksirei kuangalia kama mirija imeziba. Wapo wanaoivumilia vizuri. Mke wangu hakuwa miongoni mwao. Tulirudi kwa bajaji amejikunja, ameshika tumbo, mimi nimemshika mkono njia nzima. Begi langu la mazoezi lilikuwa chini, miguuni petu. Ndani yake kulikuwa na ampuli mbili za wiki ile.

Mirija ilikuwa safi. Daktari wake ndiye aliyeuliza, "Na mwenzio ameshapimwa?"

Ndivyo nilivyofika kwenye ile korido.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Aliniuliza kama kuna dawa ninayotumia, nikasema hakuna. Akatazama mabega yangu, akatazama majibu ya damu, akauliza tena kwa upole ule ule. Nikasema ukweli. Akachukua karatasi akachora kichwa cha mtu na mishale inayoshuka. Ubongo, kupitia tezi ndogo iliyo chini yake, hutuma homoni mbili kwenye korodani: moja ya kuziamuru zitengeneze testosteroni, yaani ile homoni ya kiume, nyingine ya kusaidia uzalishaji wa mbegu. Ubongo unapima muda wote testosteroni iliyomo kwenye damu. Ikitosha, unapunguza amri. Ikizidi sana, unanyamaza.

Nilimwelewa kwa simtanki. Maji yakijaa, boya linapanda na kufunga njia. Mimi nilikuwa namimina ndoo juu ya tenki kila wiki, boya likabaki limepanda miaka minne.

Kisha akanieleza nisilolijua kabisa. Testosteroni ya kwenye damu peke yake haitengenezi mbegu. Mbegu zinataka ile inayozalishwa humo humo ndani ya korodani, ambako kiwango chake huwa ni makumi ya mara zaidi ya kile cha kwenye damu. Hakuna sindano ya takoni inayofikisha kiwango hicho mle ndani. Damu yangu ilikuwa imefurika homoni ya kiume, na korodani zilikuwa zimelala.

Akasema watafiti walishawahi kuijaribu dawa hii kama uzazi wa mpango wa wanaume. Nilirudi nyumbani nikatafuta mwenyewe nikasoma. Utafiti ulikuwa wa Shirika la Afya Duniani, ulichapishwa mwaka 1990: wanaume 271 wenye afya, kutoka nchi saba, walichomwa miligramu 200 kila wiki. Kati yao, 157 mbegu ziliisha kabisa. Mimi nilikuwa najichoma 500. Miaka miwili yote mke wangu anahangaika apate ujauzito, mimi nilikuwa natumia kitu kilichojaribiwa kuzuia mimba, tena kwa zaidi ya mara mbili ya kipimo cha watafiti.

Siku ile presha yangu ilikuwa 158 kwa 100. Chembe nyekundu zilichukua asilimia 56 ya damu. Mgonjwa anayetibiwa kwa homoni hii akivuka 54, madaktari humsimamishia dozi. Damu ikiwa nzito hivyo huganda kirahisi, na donge la damu likifika kwenye mapafu au ubongo, habari ni nyingine. Nami nilikuwa naenda jimu nikijiona mzima kuliko wote mtaani.

Nilimwambia mke wangu usiku ule ule. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Siku ile kwenye bajaji, ulikuwa unajua?" Nikamjibu sikujua kama zinaua mbegu. Akasema, "Lakini ulikuwa nazo." Asubuhi akapanda basi la Morogoro kwa mama yake, akakaa wiki tatu. Nilimpigia shangazi nikamwamkia, kisha nikamweleza yote bila kupunguza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nipe namba ya mama yake nimwombe radhi."

Kuacha kulikuwa kugumu, na nadhani hapa ndipo wengi wanaponasa. Ya nje imekatika na ya ndani bado haijaamka. Kwa karibu miezi mitano nilikuwa mtu mwingine: uchovu, huzuni isiyo na sababu, hamu hakuna kabisa, mwili unayeyuka. Wenzangu jimu waliniambia nirudi kidogo tu, nusu ampuli, nitakaa sawa. Najua ningekaa sawa ndani ya wiki moja. Ndiyo maana mtu anaanza na "kozi" ya miezi mitatu akajikuta ana miaka sita. Daktari alinipa dawa za kuziamsha korodani, kwa vipimo vya kila mara. Sitayataja majina yake hapa, maana najua tulivyo. Kuna atakayetoka hapa moja kwa moja kwenda kuzinunua.

Homoni hii ina kazi yake hospitalini. Wapo ambao korodani zao ziliharibiwa na matumbwitumbwi, waliozaliwa na tatizo la kromosomu, wenye uvimbe kwenye ile tezi ya chini ya ubongo. Wao hupimwa damu asubuhi, muda ambao homoni huwa juu zaidi, siku mbili tofauti, ndipo daktari aamue. Akijua kazi yake atauliza kwanza kama unataka mtoto. Kijana wa miaka 23 anayelala kwa saa nne tu na kushindia chipsi, akijihisi mchovu, hajapimwa chochote. Ameangalia video. Mdogo wangu aliniletea video kama hiyo mwezi uliopita, nikamwonyesha ile karatasi yenye sifuri. Sijui kama imetosha, nitamwonyesha tena.

Katika tafiti zile za uzazi wa mpango wengi mbegu zao zilirudi ndani ya mwaka mmoja, wengine ikafika miwili. Lakini wao walichomwa kwa kipimo na kwa usimamizi. Nilipomuuliza daktari kuhusu miaka yangu minne, hakuniahidi kitu.

Mwezi wa saba tangu niache zilionekana mbegu chache sana, hazikutosha hata kuhesabiwa. Mwezi wa kumi na moja zilikuwa milioni 4 kwa mililita. Kiwango cha chini cha kawaida ni milioni 16. Kwenye benchi nimerudi kilo 85. Karatasi zote anazitunza mke wangu, kwenye bahasha moja na picha yake ya mirija. Kipimo kingine ni Alhamisi, na amesema safari hii tutakwenda wote.