Ngozi ya mbuta juu ya leso ya mama

Kundi letu la ushonaji hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa wa Nyalenda, Kisumu, sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu. Tuko kumi na wawili. Siku ya mvua tunafika saba. Kila mtu hutandaza alichoshona kwenye mkeka, na hakuna ruhusa ya kusifu kabla kazi haijageuzwa. Hiyo ni sheria ya Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, mkubwa wetu kwa umri. "Mbele hata mwongo hupendeza," husema. "Nipe mgongo niuone."

Mimi ni fundi wa cherehani, na mwanamume pekee pale. Miaka yangu yote sokoni Kibuye, mgongo wa kazi yangu umefunikwa na bitana, kwa hiyo miezi ya kwanza ilikuwa aibu tupu: nyuzi zimeruka kutoka ua hadi ua kama njia za panya, mafundo manene kama kunde. Dani hakucheka. Alipitisha kidole juu ya kila fundo akihesabu kwa sauti. Alifika thelathini na moja.

Mwezi ninaotaka kuusimulia, tulikubaliana kila mtu alete kitu kuhusu ziwa. Mmoja alianika mashina ya magugu maji mpaka yakawa kama kamba, akayalaza kwenye gunia na kuyashika kwa mishono midogo ya kijani. Mwingine alichemsha mbegu za avokado, akapata maji mekundu na kutia humo shuka nyeupe ya mtumba. Ikatoka waridi, rangi ya ziwa jua linapozama, kisha akaishonea kipande cha wavu wa omena. Mwalimu mwenyewe alipanga matabaka ya nguo zilizochakaa na kuyapiga bandi kutoka ukingo hadi ukingo, mistari ikifuatana kama mawimbi. Alituambia kwamba wanawake wa Bengali wameshona hivyo sari zao kuukuu kwa vizazi vingi, na kazi hiyo inaitwa kantha.

Mimi nilikuwa na leso ya mama. Ya buluu, nusu ya doti. Nusu nyingine iko kwa dada yangu, huko Ahero. Jina la leso ni "Wema hauozi", na maneno bado yanasomeka, lakini pale alipokuwa akifunga fundo la kutubebea mgongoni kitambaa kimelika, kimebaki tundu la ukubwa wa kiganja. Nikasema nitaziba kwa samaki. Si picha ya samaki: ngozi yenyewe ya mbuta, yaani sangara.

Hapa Kisumu ngozi hiyo haishangazi mtu. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na baadaye viwanda vikaanza kumkata minofu ya kupeleka Ulaya. Mifupa inayobaki ndiyo mgongo wazi, ambao akina mama wa Obunga hukaanga na kuuza. Ngozi nayo wapo watu mjini wanaoitengeneza kama ya mbuzi, ikawa mikoba na viatu. Nilinunua moja ya kahawia. Ukiitazama kwa karibu unaona vijifuko pale magamba yalipong'olewa, vyote vimelala kuelekea mkiani. Ukipapasa kwenda mkiani ni laini. Ukirudi kichwani, vinakukwaruza.

Kosa la kwanza nilifanya kwa mazoea: nilikimbilia cherehani. Mshono ulitoka mzuri kabisa, wa karibukaribu, kama wa kola ya shati. Nilipovuta kidogo kuona kama umeshika, ukingo wote ukachanika kwenye mstari wa matundu, kama unavyochana stempu. Kitambaa ukikitoboa vibaya, unafumua, unapiga pasi, nyuzi zinarudiana. Ngozi hairudi. Tundu ulilotoboa ni lako mpaka kufa.

Nikakata samaki wa pili, safari hii kwa mkono. Sindano ya kawaida ilipinda. Nilitafuta nene zaidi, nikasukuma kwa subana, ikapita, lakini kwa nguvu zile leso ikavutwa na kukunjamana pembeni mwa samaki kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Nikaacha. Siku mbili sikuigusa.

Aliyenitoa pale ni fundi viatu wa Kondele, jirani yangu wa miaka mingi ambaye sikuwahi kumuuliza lolote la kazi. (Sisi mafundi tuna kiburi cha kipumbavu.) Aliiangalia ngozi, akaniuliza, "Unatoboa na kushona kwa pamoja? Nani alikwambia?" Akanionyesha. Kwanza unatoboa matundu yote, ngozi ikiwa juu ya ubao, kwa msumari mwembamba na nyundo. Milimita tano kati ya tundu na tundu, milimita nne kutoka ukingoni. Uzi unausugua kwenye mshumaa usikwame, na mshumaa Kisumu haukosekani nyumbani, stima ikiwa vile ilivyo. Halafu unatia sindano mbili kwenye uzi mmoja, moja kila ncha. Sindano ya kulia inapita tunduni kwenda kushoto, ya kushoto inapita tundu lilelile kuja kulia, unakaza zote mbili sawa. Uzi ukikatika upande mmoja, ule wa upande mwingine bado umeshika.

Nyumbani niliongeza langu. Chini ya leso niliweka kipande cha kile kitambaa kigumu tunachotia ndani ya kola, nikakipiga bandi kuzunguka tundu lote ili leso isiwe na pa kukunjamana. Pini sikutumia, maana nazo zinatoboa. Kingo nilizibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Katikati vibanio havifiki, nikaweka tone la gundi ya viatu. Hapo nilizidisha. Gundi ilipenya ikatokea upande wa pili, ikaacha doa jeusi dogo kama punje ya mtama. Nimejaribu kulitoa kwa kila njia ninayoijua na halitoki.

Kushona kwenyewe kulinichukua jioni tatu. Nilikata uzi mfupi, wa kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni, ingawa ilimaanisha kuunga mara nyingi, kwa sababu uzi mrefu hujisokota na nta inabanduka kabla hujafika mwisho. Samaki nilimlaza akielekea kwenye maneno, mdomo wake ukigusa herufi ya W. Karibu na mkia niliachia vijifuko viwili bila kuvibana, mtu akipapasa avikute.

Jumamosi ilipofika nilitandaza na kunyamaza. Dani aliigeuza. Akaigeuza tena, na tena. Mshono ulikuwa mstari uleule mbele na nyuma, hakuna hata fundo, kwa sababu kila uzi nilikuwa nimerudi nao matundu mawili kabla ya kukata.

"Fundi, mgongo ni upi?"

"Huo ulio juu sasa hivi, Dani."

Akainamisha pua, akanusa. Wenzangu walicheka, yeye hakucheka. "Hanuki," akasema, akiwaambia wao. Kisha akaanza kupitisha kidole, polepole, kuanzia kichwani, akifuata mshono mpaka mkiani, akaingia katikati. Kidole kikasimama kwenye doa la gundi.

"Na hapa?"

"Gundi, Dani. Nilizidisha."

"Moja," akasema, akaendelea.