Bean Blossom mwezi Juni: nusu ya tamasha iko kwenye mahema

Anayekata tiketi ya tamasha la bluegrass (muziki wa Marekani wa vyombo vya nyuzi) la Bean Blossom, Indiana, kisha akapanga kuja kutazama jukwaa na kurudi hotelini kulala, amelipia nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili iko chini ya miti, kati ya mahema na magari, ambako watu huketi kwa duara na vyombo vyao na kupiga hadi usiku wa manane. Huko hakuna ratiba wala kipaza sauti. Taratibu zipo, ingawa hazijabandikwa popote.

Kwanza njia. Bean Blossom ni kijiji cha Brown County, maili tano hivi kaskazini ya mji mdogo wa Nashville. Hiyo ni Nashville ya Indiana: ukiandika jina lake peke yake kwenye ramani ya simu, utaelekezwa Tennessee. Kutoka Indianapolis ni kama saa moja kwa gari. Bill Monroe, mzaliwa wa Rosine, Kentucky (1911), ambaye bendi yake ya Blue Grass Boys ndiyo iliyoupa muziki huu jina, alinunua eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Juni 1967 akafungua tamasha lake. Carlton Haney, mwandaaji wa matamasha, alikuwa amemtangulia kule Fincastle, Virginia, mwaka 1965, lakini la Bean Blossom ndilo lililodumu mahali pake, hata baada ya Monroe kufariki mwaka 1996.

Sasa duara. Vyombo ni banjo ya nyuzi tano, gitaa kavu, mandolini, fidla, besi kubwa ya kusimama na pengine dobro (gitaa lenye sahani ya chuma tumboni). Ngoma iache nyumbani. Katika bluegrass mdundo hutoka kwenye besi inayopiga pigo la kwanza na la tatu, na mandolini inayokata kodi (chord, yaani noti kadhaa kwa pamoja) kwa ukavu kwenye la pili na la nne. Ukileta ngoma unaziba nafasi ambayo tayari ina mwenyewe, na watu watakuvumilia kwa adabu tu. Besi nayo huwa moja kwa kila duara. Ya pili hufanya sauti za chini zivurugike, kwani nyuzi zile nene zikipishana kidogo tu, kila mtu anapoteza pigo.

Kabla ya kuketi, simama nje ya duara usikilize nyimbo mbili tatu. Angalia kama kasi yao unaiweza na kama tayari wana banjo tatu. Ukikaribishwa, mwenye kuanzisha wimbo ndiye anayetaja kii (key, yaani noti ya msingi ya wimbo), na ndiye anayegawa solo, yaani zamu ya kuongoza kwa chombo chako, mara nyingi kwa kukuinamishia kichwa au kwa kuzungukia duara mtu mmoja baada ya mwingine. Hutaki solo? Tikisa kichwa kukataa na uendelee na kodi, hakuna atakayekulaumu. Mtu akiimba, wapiga solo wote washushe sauti, banjo kwanza, kwa sababu mlio wake hufunika maneno hata ukipigwa polepole. Na mwenye wimbo akiinua mguu, jueni huo ni mzunguko wa mwisho. Mgeni asiyeujua mguu huo ndiye anayebaki akipiga peke yake wakati wote wamenyamaza.

Kinachowakwamisha wengi hasa ni kii. Sauti ya juu ya Monroe ilizoesha watu kuimba katika B na B bapa (B flat), na fidla hupenda A. Mpiga gitaa anaweka kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye kisanduku cha pili cha shingo ya gitaa (fret) na kupiga maumbo ya vidole ya G ili apate A, au cha nne apate B. Banjo ina kazi ya ziada, kwa sababu uzi wake wa tano ni mfupi na kapo ya kawaida haiufikii. Ukienda A, uzi huo lazima upande kutoka G hadi A kwa kubanwa kwenye kisanduku cha saba. Ukienda B, cha tisa. Wengi hupigilia misumari midogo kwenye ubao wa vidole kwa kazi hiyo. Wengine hutumia kapo ndogo ya kuteleza. Asiye na kimojawapo huukaza uzi kwa mkono, na kuupandisha hadi B ni kuukaribisha ukatike. Kwa bahati nzuri, uzi wa kwanza na wa tano huwa na unene uleule, kwa kawaida inchi 0.010 au pungufu kidogo, kwa hiyo nyuzi moja-moja za unene huo zitatosha zote mbili. Beba nne.

Tyuna (kifaa cha kupimia sauti ya nyuzi) ya kubana kichwani mwa chombo ni ya lazima, kwani katikati ya duara tano zinazopiga kwa wakati mmoja sikio halitoshi. Tyuni upya jua linapozama, ambapo mwezi Juni ni baada ya saa tatu usiku. Waya wa chuma ukipata joto hurefuka na sauti hushuka. Hewa ikipoa hupanda. Mbao nazo zina mambo yake. Unyevu wa msitu huvimbisha ubao wa juu wa gitaa, daraja linaloshikilia nyuzi linainuka, nyuzi zinakaa mbali na ubao wa vidole na mkono unachoka haraka. Gitaa la mbao tupu hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, kwa hiyo kila usipopiga, lirudishe ndani ya kasha na ulifunge. Lakini kasha lisilale ndani ya gari lililofungwa juani: joto la humo hulegeza gundi, na daraja lililobanduka halitengenezeki kambini. Chini ya meza yenye kivuli panatosha.

Kuhusu pa kupiga hema, tafuta mwinuko kidogo, maana mvua za radi za Juni huko hujaza mabonde kwa muda mfupi. Tazama juu pia: tawi kavu likiwa limening'inia, sogea. Radi ikianza kunguruma, ingia garini, usikae chini ya mti, na subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kupe wapo kwenye majani marefu. Jikague kila jioni nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele; ukimkuta, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kuzungusha. Kuna pia mmea wa kutambaa wenye majani matatu-matatu (poison ivy), unaowasha vibaya kwa siku nyingi. Kuni zako zisiwe na mashina yake ya kutambaa, maana hata moshi wake hudhuru mapafu.

Kwa jukwaani, kiti cha kukunja chenye mgongo mfupi kinatosha; kirefu kitawaudhi walio nyuma. Bendi nyingine hupiga mbele ya kipaza sauti kimoja, na wapigaji husogea mbele na nyuma kulingana na zamu ya solo. Kaa upande ambao unamwona mwenye mandolini. Ukifuata mkono wake wa kulia ndani ya nyimbo chache, utajua duara la usiku linahitaji nini kwako.