Jailhouse kwenye Raspberry Pi 4, kuanzia waya wa siriali

Haipavaiza ni programu inayokaa chini ya mfumo endeshi na kuigawa kompyuta moja kwa mifumo kadhaa. Ya bodi ndogo haina sura. Ikiwaka vizuri, Linux inaendelea kama kawaida, skrini haibadiliki, hakuna chochote kipya cha kubofya. Ikikataa, bodi nzima inanyamaza: mtandao unakatika, SSH (njia ya kuingia kwenye bodi kupitia mtandao) inaganda, na ule ujumbe wa mwisho ambao ungekueleza kilichotokea unatoka kwenye njia moja tu, waya wa siriali. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi na Jailhouse, haipavaiza ninayoitumia, simpeleki kwenye msimbo. Namwambia akanunue waya kwanza.

Nieleze kwa nini niko huku. Kazi yangu ni vidhibiti vya pampu za visima. Sanduku letu la kawaida lina bodi mbili: moja ya Linux inayochora grafu na kutuma ripoti, na kidhibiti kidogo kinacholinda mota isizunguke kisima kikiwa kikavu. Zinazungumza kwa siriali, polepole. Ninachotaka ni mlinzi wa mota asome mkondo wa umeme mara nyingi kwa sekunde na Linux ivione vipimo hivyo hapohapo, zote zikiwa ndani ya prosesa moja, bila Linux kuweza kumwangusha mlinzi ikigoma. Kama shida yako ni bei tu, baki na bodi mbili. Kidhibiti kidogo ni rahisi kununua, kinaaminika, na usiku hakikusumbui.

Jailhouse ilitangazwa mwaka 2013 na Jan Kiszka wa Siemens, kwa leseni ya GPLv2, na imejengwa kwa wazo ambalo nalipenda sana kwa udogo wake. Haigawi muda wa prosesa kwa zamu kama haipavaiza za kwenye seva. Linux inawaka kwanza, inatambua vifaa vyote, kisha unapakia moduli na haipavaiza inaingia chini ya Linux ambayo tayari inatembea. Kuanzia hapo Linux ni seli ya kwanza. Unainyang'anya kiini kimoja cha prosesa na kipande cha memori, unafungua seli ya pili, unamweka humo mfungwa wako, yaani programu unayotaka ikae peke yake. Kiini hicho ni chake peke yake. Hakuna foleni, hakuna zamu.

Nimechagua Raspberry Pi 4 kwa sababu moja kubwa. Pi 3 nayo ina prosesa inayokubali haipavaiza, lakini kidhibiti chake cha mikatizo (ishara ambazo vifaa hutuma kuiita prosesa) ni cha Broadcom wenyewe, na Jailhouse inataka kile cha ARM, kiitwacho GIC. Pi 4, iliyotoka Juni 2019, ina GIC-400 pamoja na viini vinne vya Cortex-A72. Watu wengi hununua Pi 3 iliyotumika kwa kuwa ni nafuu, halafu wanakwama wiki nzima kwenye jambo ambalo programu haiwezi kulitatua.

Sasa waya. Nilienda Kariakoo kutafuta kigeuzi cha USB kwenda siriali. Kijana wa dukani akanipa kimoja akasema, "Dada, hiki cha volti tano ndicho wanachochukua wengi." Nikamwambia, "Asante kaka, lakini nitafutie chenye kuhamishika kwenda 3.3." Pini za Pi hazivumilii volti 5. Hazilalamiki, zinakufa tu, wakati mwingine baada ya kukufanyia kazi siku chache. Alipokileta nilikichomeka kwenye laptopu yangu palepale kaunta, nikaweka mita kati ya TX (pini ya kutuma) na GND (ardhi). Siriali ikiwa haisemi kitu, TX hukaa juu, kwa hiyo mita inakusomea volti ya kweli bila kuandika msimbo wowote. Ikasoma 3.3 na pointi kidogo. Nikalipa.

Kwenye Pi, GND ni pini ya 6, TX ni ya 8, RX (ya kupokea) ni ya 10. TX ya upande mmoja inaingia RX ya mwingine. Waya mwekundu wa umeme uache ukining'inia, au uukate kabisa. Bodi ina chaja yake. Spidi ni 115200.

Kwenye kadi, ndani ya `config.txt`, kuna mistari mitatu ninayoitazama kabla ya kitu kingine:

```
enable_uart=1
arm_64bit=1
armstub=bl31.bin
```

Wa kwanza unafanya kazi mbili. Unawasha siriali ndogo, na pia unaifunga saa ya ndani ya chipu isipande na kushuka. Siriali hiyo inahesabu spidi yake kutoka kwenye saa hiyo, kwa hiyo saa ikiyumba unapata herufi za ajabu katikati ya sentensi na unaanza kuulaumu waya. Wa tatu ndio unaosahaulika. Kwa kawaida Pi huamsha viini vyake kwa njia ya kizamani isiyojua kukizima kiini kimoja na kukiwasha tena. Jailhouse inahitaji hilo, maana lazima Linux ikiachie kiini ndipo mfungwa akipate. `bl31.bin` ni Trusted Firmware ya ARM, nayo inaleta PSCI, utaratibu wa kuomba kiini kizimwe au kiwashwe. Bila faili hiyo utafika mbali, halafu utakwama mlangoni mwa seli.

Kujenga mfumo wenyewe sikufanya kwa mkono. Siemens wana hazina iitwayo jailhouse-images, inayotumia zana za kas na Docker kutengeneza Debian kamili (toleo mojawapo la Linux) yenye kerneli, yaani kiini cha programu ya Linux yenyewe, iliyokwisha kurekebishwa. Kerneli ya kawaida haitoshi, kwa sababu moduli ya Jailhouse inahitaji kugusa sehemu ambazo kerneli haizitoi kwa moduli za nje. Ujenzi unapakua vitu vingi sana. Mimi hununua bando la usiku, naiacha laptopu kwenye UPS na kulala. Umeme ukikatika katikati, ukirudia amri inachukua ilipoishia kwa sehemu kubwa.

Bodi ikiwaka, kabla ya kugusa Jailhouse tafuta mstari huu kwenye kumbukumbu za kerneli:

```
CPU: All CPU(s) started at EL2
```

EL2 ni ngazi ambayo haipavaiza hukaa kwenye ARM. Programu za kawaida ziko EL0, kerneli EL1, na juu kabisa EL3 ndipo anapokaa huyo `bl31`. Cortex-A72 ni ya toleo la kwanza la ARMv8, kwa hiyo Linux ikianzia EL2 inashuka hadi EL1 na kuacha kibaraza kidogo cha msimbo nyuma yake. Jailhouse inapitia hapo kurudi juu. Mstari ukisema EL1, acha kila kitu, rudi kwenye programu za kuwashia. Hakuna amri itakayokusaidia.

Baada ya hapo amri zenyewe ni chache mno:

```
jailhouse enable rpi4.cell
jailhouse cell create rpi4-inmate-demo.cell
jailhouse cell load inmate-demo gic-demo.bin
jailhouse cell start inmate-demo
```

Ukikaa kwenye siriali utaona Linux ikitangaza kwamba CPU1 imezimwa, halafu programu ndogo ya majaribio inaanza kuandika mara kumi kwa sekunde jinsi saa yake ilivyochelewa, kwa nanosekunde: sasa hivi, kiwango cha chini, kiwango cha juu. Hapo una mifumo miwili kwenye chipu moja. Nilifurahi, sitaficha.

Lakini kazi halisi imo ndani ya zile faili za `.cell`. Kwenye kompyuta za Intel kuna amri ya kukuundia usanidi wa mwanzo kutoka kwenye mashine yenyewe. Kwenye ARM unaandika kwa mkono, kwa lugha ya C, kila kipande cha memori na kila kifaa: kinaanzia wapi, kina ukubwa gani, nani anaruhusiwa kusoma, kuandika, kutekeleza. Usichokiandika hakipo. Mimi naona hili ndilo jambo bora kuliko yote kwenye Jailhouse, ingawa wengi hulilalamikia. Ukimaliza faili hiyo unaijua bodi yako kuliko ulivyowahi kuijua. Kuna `jailhouse config check` inayosoma faili zako na kukuonyesha maeneo yanayogongana. Iendeshe kila unapobadilisha kitu.

Mfano wa ninachosema: siriali ndogo ya Pi 4 iko kwenye anwani `0xfe215040`, na kwenye usanidi ina ukubwa wa `0x40` tu. Prosesa inalinda memori kwa kurasa za baiti 4096, na ukurasa huohuo una vifaa viwili vya SPI (njia nyingine ya kuzungumza na chipu za nje). Ukimpa mfungwa ukurasa mzima umempa na SPI. Jailhouse inakubali uandike eneo dogo kuliko ukurasa, lakini hapo kila herufi inayotumwa inaingia kwanza kwa haipavaiza, inakaguliwa, kisha inapita. Kwa maandishi ya majaribio haina neno. Kwa kitu cha haraka, utaihisi.

Nilitaka kuona ulinzi wenyewe ukifanya kazi, kwa hiyo nilimwandikia mfungwa, kwa makusudi, mstari mmoja wa kusoma hali ya pini za GPIO (pini za bodi za kuunganishia vitu vya nje), eneo ambalo hakupewa. Siriali ikajibu:

```
Unhandled data read at 0xfe200034(4)
FATAL: unhandled trap (exception class 0x24)
...
Parking CPU 1 (Cell: "inmate-demo")
```

Anwani hiyo ndiyo rejista (kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu) ya kusoma pini, na hiyo 4 ni idadi ya baiti alizotaka. Kiini chake kikaegeshwa. Upande wa Linux, `top` iliendelea kuhesabu, SSH haikutikisika, na `jailhouse cell list` ikaonyesha seli hiyo imeanguka. Nikaifuta, nikaiunda upya, ikaendelea. Kwa mtu anayelinda mota ya watu, mistari hiyo mitatu ina thamani kubwa, kwa sababu inakwambia nani, wapi, na alitaka nini.

Sasa yale ambayo Pi 4 haiwezi, na lazima yasemwe wazi kabla mtu hajaweka hii kwenye sanduku la mteja.

Viini vyote vinne vinatumia kache moja ya L2 (memori ndogo ya haraka iliyo karibu na viini) ya MB 1, na barabara moja ya kwenda kwenye memori. Ni kama nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake, lakini bomba la uani ni moja. Linux ikianza kunakili faili kubwa, kile kiwango cha juu cha ucheleweshaji kwenye programu ya majaribio kinapanda mbele ya macho yako, ingawa hakuna aliyegusa memori ya mwenzake. Kwa mota ya pampu, ambayo mimi nahesabu kwa milisekunde, haina shida. Anayeendesha kitu cha mikrosekunde aangalie haipavaiza kama Bao, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Minho kule Ureno, ambayo inajua kugawa kache kwa rangi za kurasa.

Kubwa zaidi ni DMA, yaani kifaa kusoma na kuandika memori moja kwa moja bila kupitia prosesa. Chipu ya Pi 4 haina SMMU, yaani hakuna mlinzi anayesimama kati ya vifaa na memori. Kizuizi cha Jailhouse kinamzuia mtu anayepita kwenye prosesa. Draiva ya Linux ikikiamuru kifaa kinakili data moja kwa moja kwenye anwani ya mfungwa, hakuna wa kukizuia. Kwa hiyo kwenye bodi hii tunapata ulinzi dhidi ya ajali nyingi za programu, si dhidi ya mtu mwenye nia mbaya aliyeingia kwenye kerneli.

Na GPIO. Rejista moja inabeba pini 32, kwa hiyo haiwezekani kumpa mfungwa pini ya rilei peke yake na kumwachia Linux zilizobaki kwa usalama. Uamuzi wangu ni kumpa mlinzi wa mota GPIO yote, na kuinyima Linux kabisa. Hiyo inamaanisha kuondoa kwenye device tree (orodha ya vifaa ambayo Linux huisoma ikiwaka) kila kitu kinachogusa pini baada ya kuwaka, maana Linux ikijisahau na kugusa, kiini kitakachoegeshwa safari hii ni cha kwake. Taa ya hali ya sanduku nitaihamishia upande wa mlinzi pia.

Kinachofuata ni ivshmem, memori ya pamoja ambayo Jailhouse huionyesha kwa kila seli kama kifaa cha PCI, ili vipimo vya mkondo vivuke kwenda Linux. Nimeshaandika upande wa mfungwa. Upande wa Linux bado.

Kama huna Pi 4, usisubiri. Hazina ileile ya jailhouse-images inatengeneza pia mfumo wa kuendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, kwa ARM ya biti 64, na amri za seli ni zilezile. Hakuna waya wa kununua huko, siriali inatoka moja kwa moja kwenye dirisha lako. Ukikwama kwenye faili ya `.cell`, nitumie faili nzima pamoja na maandishi yote ya siriali tangu `enable`, usikate mwanzo.